Uzi maalumu wa renjifainda za filamu: kabla hujashika bisibisi, pita hapa

KirakaNjano (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Kila baada ya siku chache anaibuka mtu na kamera ya zamani aliyoikuta kabatini, na swali ni lilelile: hii inapiga? Nifungulie wapi? Nimechoka kujibu vipande vipande, nikaona bora tuyaweke yote mahali pamoja. Mimi si fundi wa kusomea. Nimeua kamera tatu kabla sijafufua ya kwanza, na mojawapo bado inaniuma. Nitafika huko.

Tuanze na inavyofanya kazi, maana asiyelijua hilo ndiye anayeharibu. Kwenye SLR, yaani kamera yenye kioo kinachopinduka ndani, unachungulia kupitia lenzi yenyewe, kwa hiyo fokasi ikikosewa utaiona kabla hujabonyeza. Renjifainda haina huruma hiyo. Unachungulia kwenye kidirisha cha pembeni ambako kila kitu kinaonekana kikali muda wote, huku lenzi ikiwa imelenga kwingine kabisa. Kinachowapatanisha hao wawili ni kiraka kidogo katikati ya kidirisha, mara nyingi cha njano. Ndani ya kiraka kitu kinaonekana mara mbili, kama umeamka na mning'inio wa pombe. Unazungusha pete ya lenzi, vivuli vinasogeleana, vinalaliana, basi umepata.

Siri yake ni hesabu ya pembetatu. Kuna madirisha mawili yaliyoachana. Nyuma ya moja kuna kioo nusu, kinachopitisha mwanga na papo hapo kuakisi mwingine. Nyuma ya lile dogo kuna kioo au prizimu inayogeuka kidogo sana, ikiendeshwa na mkono mwembamba ulioegemea mgongo wa lenzi. Lenzi ikitoka nje, mkono unafuata. Kamera hii inapima, haikuonyeshi picha. Ukilishika hilo, utaelewa kwa nini matengenezo yake yote ni kazi ya kusuluhisha: kidirisha kinasema mita 3, je, lenzi nayo inasema mita 3?

Madirisha yakiachana zaidi, kipimo kinakuwa cha uhakika zaidi. Contax II ya 1936 ina takriban sentimita 9 kati ya dirisha na dirisha. Leica M3 ya 1954 ina karibu 7, lakini kidirisha chake kinakuza mara 0.91, kwa hiyo jicho linaona tofauti ndogo kabisa. Zorki 4 ya Kisovieti haifiki sentimita 4. Ukifunga lenzi ya milimita 85 kwenye Zorki ukaifungua wazi, usije humu kulia kwamba pua imetoka kali na macho yamefifia.

Raha yake sasa. Hakuna kioo kinachopinduka, kwa hiyo sekunde ile ya kupiga huipotezi. Unamwona mtu akipepesa. Kwenye nyingi unaona pia nje ya mistari ya fremu, yaani unamwona anayeingia kabla hajaingia. Henri Cartier-Bresson alianza na Leica mwanzoni mwa miaka ya 1930 na hakuhitaji zaidi ya lenzi ya milimita 50 kwa kazi yake nyingi. Na zile zenye shata ndani ya lenzi, kina Canonet na Yashica, mlio wake ni kama mtu kagusa ukucha na ukucha.

Karaha zipo pia. Nimewahi kupiga mkanda mzima wa picha 36 kifuniko kikiwa kwenye lenzi. Kidirisha hakijui, na wala hakikwambii.

Haya, marehemu wangu. Canonet QL17 GIII, lenzi ya milimita 40 f/1.7 (f ni kipimo cha tundu la lenzi: namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa), mwili safi, kiraka kimefifia. Nikavua kofia ya juu. Nikakiona kioo nusu kimekaa kwa mshazari, kina vumbi na utando wa moshi moshi. Nikachovya pamba ya masikio kwenye spiriti, nikafuta mara moja. Pamba ikatoka na rangi ya dhahabu. Nikafurahi! Nikasema uchafu wa miaka 50 huu, nikageuza upande wa pili wa pamba nikamalizia. Nilipochungulia, kidirisha kilikuwa kinang'aa kuliko kamera yoyote niliyowahi kushika, ila kiraka hakipo. Ule haukuwa uchafu, ulikuwa ule mpako wenyewe unaokifanya kioo kiwe nusu.

Kwa hiyo sheria ya kwanza ya uzi huu: kioo nusu kipulizie hewa tu. Vioo vingine vya kidirisha futa, hicho kiache.

Sheria ya pili: pima kabla hujakaza wala kulegeza. Weka pete kwenye alama ya mbali kabisa, ile ya nane iliyolala, kisha tazama kitu kilicho zaidi ya kilomita moja. Mwezi ukiwepo ndio bora. Mwezi ukiwa mmoja, salama. Ikiwa miwili imepishana kushoto na kulia, kipimo kimeyumba na picha zako zitayumba. Ikiwa imepishana juu na chini, hiyo inaudhi jicho tu, fokasi haijaguswa.

Lakini usiikimbilie skrubu! Kwanza mhoji shahidi wa pili. Fungua mgongo, tandaza selotepu ya ukungu ukungu juu ya zile reli mbili ambapo filamu hulala, ikaze vizuri isibonyee. Weka shata kwenye B (hubaki wazi muda wote umebonyeza kitufe), shikilia wazi, tundu la lenzi wazi kabisa, kisha tazama picha inayotua kwenye selotepu kwa kikuza. Mnara wa mbali ukiwa mkali hapo na kidirisha kinaonyesha miwili, kosa liko kwenye kidirisha, rekebisha kidirisha. Ukiwa umefifia hapo, kosa ni la lenzi, na kugusa kidirisha ni kumfundisha mtu mkweli kusema uongo.

Karibuni. Waliopitia mengine watie neno.

KitufeB

Naweka kambi hapa. Hiyo ya kifuniko cha lenzi naona umetusema wengi bila kututaja majina.

Mgeni_wa_Giza

Mkuu KirakaNjano, shukrani. Mimi nina Yashica Electro 35, toleo la GSN. Nimenunua betri ya volti 6 pamoja na kile kishikizio chake. Taa zinawaka vizuri, shata inalia, ila picha zote zimeungua kwa mwanga kupita kiasi. Nimeambiwa betri ndiyo kosa kwa sababu ya awali ilikuwa 5.6. Ni kweli?

FundiMchana

@Mgeni_wa_Giza hapana, hiyo tofauti ya nukta nne Electro inaivumilia. Ilitengenezwa kwa betri ya zebaki ya volti 5.6 na watu wanaiendesha kwa 6 miaka yote bila shida.

Fanya hivi. Kaa sehemu tulivu, vuta mkono wa mkanda polepole ukiwa umetega sikio. Electro nzima hutoa "klaki" moja nzito ndani wakati wa kuvuta. Ukisikia meno tu na hiyo klaki haipo, ugonjwa wako unajulikana: ndani kuna kipande kidogo cha mpira kinachopokea fimbo ya chuma, na baada ya miongo kadhaa kinageuka lami au unga. Kikishaisha, fimbo hairudi mahali pake, swichi za mwanga hazikutani inavyotakiwa, na mwanga unapimwa ovyo. Kamera si mbovu, imekosa mpira wenye ukubwa wa punje. Kipande kipya ni rahisi kukata. Kazi ni kukifikia, maana lazima kofia ya juu itoke na mkono uwe na subira.

Jambo jingine: Electro bila betri hupiga kwa 1/500 tu. Kwa hiyo ukiitoa betri na picha za juani zikatoka sawa, shata yenyewe ni nzima.

Mgeni_wa_Giza

Nimevuta mara kumi. Hakuna klaki. Duh.

DadaGrisi

Naomba niseme la lenzi, kwa sababu mnaongelea miili tu kama vile lenzi hazizeeki.

Nilipata Industar-61, lenzi ya Kisovieti, imekaza hasa. Kuizungusha mpaka kamera nzima inajifungua kutoka kwenye hesi za mwili. Watu wengi hapo huchukua koleo. Usichukue koleo. Ile ni grisi ya zamani iliyokauka ikawa gundi, na dawa yake ni kuifungua, kuiosha kwa petroli ya viberiti vya utambi na kupaka nyingine.

Tatizo ni hesi zenyewe. Hesi za fokasi si kama za chupa zenye mwanzo mmoja. Zina mianzo mingi, na kila mmoja unakubali kuingia kwa utamu uleule. Ila ni mmoja tu utakaoifikisha lenzi kwenye alama ya mbali pete ikiwa inasoma mbali. Sasa unapolegeza, zungusha taratibu kama unayesikiliza mlango. Sekunde ile vipande vinapoachana, simama. Chora mstari kwa sindano kwenye kipande cha ndani na cha nje vikiwa vimeelekeana hivyohivyo. Piga na picha kwa simu. Mimi mara ya kwanza nilijiambia nitakumbuka. Saa nane usiku nilikuwa bado najaribu mwanzo wa sita.

Grisi iwe nyepesi, na kidogo. Kidogo kweli, utando tu kwenye hesi. Ukipaka kama unapaka nywele, baada ya miezi mafuta yanatambaa: yanafika kwenye majani ya tundu yanagandamana, na mvuke wake unatua kwenye vioo vya ndani. Ule ukungu wa kijivu unaouona ukimulika tochi kwenye lenzi ya zamani mara nyingi ni mafuta hayo, si kuvu. Spiriti safi na kitambaa laini vinauondoa, ukiuwahi kabla haujala kioo.

Kuvu ni ile yenye nyuzi nyuzi kama buibui. Huondoka ikiwa changa, na ikikaa sana huacha makovu kwenye mpako. Lenzi zinazokaa ndani ya mkoba wa ngozi uliofungwa ndizo huanza kuvaa kuvu. Vua mkoba, weka mahali pakavu penye hewa, itumie.

Na tafadhalini, lenzi za kabla ya vita msizifute kila mkiziona. Leitz Summar, kwa mfano, kioo chake cha mbele ni laini, ndiyo maana ni nadra kuikuta bila mikwaruzo. Vumbi halionekani kwenye picha. Mikwaruzo elfu moja inaonekana kila jua linapokupiga usoni.

Zorki_Damu

Naona mleta uzi kaigusa Zorki kwa dharau. Zorki 4 yangu imezaliwa 1966 na inapiga leo.

Kwa wanaoanza: kamera za Kisovieti zina amri moja. Vuta mkanda kwanza, ndipo ubadilishe mwendo wa shata. Ukigeuza kitufe cha mwendo kabla hujavuta unaweza kuvunja mtambo ndani. Halafu si lazima ununue yenye jina la Leica. FED ilianza 1934 kule Kharkiv, kwenye koloni la vijana la mwalimu Makarenko, wakinakili Leica II. Herufi FED ni za Feliks Edmundovich Dzerzhinsky, mwasisi wa polisi wa siri wa Kisovieti. Vijana wale walitengeneza mashine ya kupima kwa usahihi wa sehemu za milimita.

FundiMchana

Na ndiyo hizohizo FED na Zorki ambazo watu hukwangua jina na kuchora "Leica" juu. Ukiletewa Leica II yenye rangi ya dhahabu na tai wa Kijerumani, vua lenzi uangalie ule mkono unaogusa mgongo wa lenzi. Leica halisi ina rola ya duara. Ya Kisovieti ina ulimi uliochongoka. Mchongaji anahangaika na maandishi, ndani hana habari napo.

Mtaa_wa_Pili

Mimi nimeweka Jupiter-8, lenzi ya Kisovieti ya milimita 50, kwenye Leica M kwa adapta. Mbali iko kali. Mtu akiwa mita moja na f/2, fokasi inatua nyuma ya sikio. Nimeshauriwa nisogeze kidirisha cha Leica kidogo. Zorki_Damu, lenzi zenu mbovu?

Zorki_Damu

Lenzi si mbovu, umefungisha ndoa yenye lugha mbili. 😀

KirakaNjano

@Mtaa_wa_Pili usiguse kidirisha cha Leica!

Sikiliza. Jupiter-8 ni mtoto wa Sonnar, lenzi ya Contax, na viwanda vya Kisovieti vilifuata urefu wa fokasi wa Contax, karibu milimita 52.4. Kidirisha cha Leica kinahesabu kama vile lenzi ya "50" ina 51.6. Mbali wanakubaliana. Kadiri unavyosogea karibu, hesabu zinaachana, na kwa f/2 huna kina cha kuficha kosa. Ukirekebisha kidirisha ili kifae mita moja, utaharibu mbali na utaharibu kila lenzi nyingine uliyonayo. Njia mbili: mtu wa karibu mpige kwa f/4 au f/5.6, au lenzi iwekewe pete nyembamba ya kusogezea ikae sawa kwa umbali unaoutumia zaidi, nawe ukubali kupoteza kidogo kwingine. Au ifunge kwenye Zorki ya jamaa yetu, huko wanaelewana.

PaziaBovu

Jina langu lina historia. Renjifainda zenye pazia la kitambaa, Leica na FED na Zorki, hazina kioo cha kukinga kati ya lenzi na pazia. Ukiiweka mezani lenzi ikitazama jua, pete ikiwa mbali, umewasha kioo cha kuchomea karatasi. Yangu iliunguzwa tundu dogo kama ncha ya sindano dakika nikiwa nafunga viatu. Kila picha baada ya hapo ilikuwa na nyota moja mahali palepale.

Jinsi ya kukagua: vua lenzi, ingia chumba chenye giza, mulika tochi ndani ya mdomo wa kamera huku mgongo ukiwa wazi, tazama upande wa filamu. Kisha vuta mkanda ukague pazia la pili. Tundu moja au mawili yanazibwa kwa rangi nyeusi ya kitambaa inayonyumbuka, tone la ncha ya kijiti, kikauke usiku kucha shata ikiwa imetulia. Pazia likiwa limepasuka pasuka kama ngozi ya kisigino, hapo ni kubadilisha lote, na hiyo si kazi ya kujifunzia.

Mgeni_wa_Giza

Wakati nasubiri ujasiri wa kuifungua Electro, kuna Canonet nimeazimwa. Betri yake haipatikani.

DadaGrisi

Ile ya zebaki ya volti 1.35 imeondolewa sokoni sehemu nyingi. Tumia betri ya mashine za kusikia, namba 675. Inatoa karibu 1.4, inatulia hivyohivyo mpaka inakufa. Ni nyembamba, izungushie pete ya mpira isicheze. Ukishabandua kile kibandiko chake inaanza kufa, uitumie usiitumie. Ya kawaida ya 1.5 itakudanganya, na uongo wake unabadilika kila siku kadiri betri inavyoshuka.

Au itoe A (hali ya kujipangia mwanga yenyewe), iendeshe kwa mkono. Canonet haihitaji betri kupiga, ni mita ya mwanga tu inayolala. Jua kali: f/16 na mwendo unaokaribia namba ya filamu, filamu ya 100 kwa 1/125. Kivuli cha wazi, fungua hatua tatu. Baada ya mikanda mitano mita utaiona kero.

KitufeB

Swali la haraka. Canonet yangu shata inalia lakini tundu halifunguki.

FundiMchana

Mafuta kwenye majani ya shata. Majani yale yanafanya kazi yakiwa makavu kabisa, hayataki tone. Fungua vioo vya mbele, tia petroli ya kiberiti kidogo kwa kijiti, piga shata mara kadhaa, fyonza kwa karatasi, rudia mpaka karatasi itoke safi. Usimwage. Ukimwaga, petroli inabeba uchafu wa pembeni na kuurudisha katikati, kesho iko vilevile. Na bisibisi iwe ya msalaba wa Kijapani. Ile ya kawaida ina ncha inayoteleza na kula kichwa cha skrubu.

PaziaBovu

KirakaNjano, ile Canonet uliyoifuta umeitupa?

KirakaNjano

Siwezi. Nimeibandikia kipande cha tepu nyeusi mbele ya dirisha kubwa, katikati, kidogo kama kiraka chenyewe. Kinapunguza mwanga wa moja kwa moja pale katikati, ile picha ya pili dhaifu inajitokeza kidogo. Mchana inapimika. Jioni ni kubahatisha.

PaziaBovu

Nina kioo nusu nilichokitoa kwenye maiti moja isiyo na lenzi. Ni kikubwa kuliko chako, lakini kinakatika kwa kalamu ya kukatia vioo. Pima cha kwako urefu, upana na unene, hasa unene.

Kabla hujakiweka ujue upande wenye mpako ni upi, ukikigeuza utapata kivuli cha tatu. Lete ncha ya kijiti cha meno karibu na kioo, kwenye kona, bila kugusa katikati. Upande wenye mpako, ncha na taswira yake zinakaribia kukutana. Upande usio na mpako kunabaki nafasi kati yao, sawa na unene wa kioo.

KirakaNjano

Cha kwangu nimekifungua sasa hivi. Unene unasoma milimita 1 kasoro kidogo, na kwenye kona moja ambako pamba haikufika bado kuna ukanda wa dhahabu, upande wa jicho. Sasa najua upande. Nakutumia vipimo vingine nikishapata mwanga wa kutosha. Kipimo changu kina mistari midogo na macho yangu nayo ni ya 1972.